Maswali ya Wasomaji: Je, Mwanangu Analipwa Kukimbia?

SWALI

Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne na mkulima mdogo wa chai katika kaunti ya Nandi. Mtoto wangu wa pili yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja huko Texas, alikochukuliwa kwa sababu ya mbio za nyika na mita 10,000. Ukoo mzima ulichanga ili apate viza na nauli. Sasa vijana wa sokoni wananiambia kuwa Marekani wanamichezo wa vyuo wanalipwa mamilioni, na mmoja wao alinionyesha kwenye simu picha ya mchezaji aliyenunua gari la kifahari kabla hata ya kumaliza masomo. Mwanangu, kila nikimpigia, husema kuwa pesa za chakula humwishia mwezi ukiwa bado mbichi. Desemba iliyopita bwalo la chuo lilifungwa kwa likizo, wakawa wanapika wali na maharagwe, watu watano kwa sufuria moja. Baba yake anaamini kuwa kijana anatuficha. Naomba kujua: wanalipwa au hawalipwi?

Mama, Nandi

JIBU

Mama, akaunti ya mwanao siwezi kuiona, lakini nikizipima habari mbili ulizoletewa, ile ya sokoni na ile ya mwanao, naona zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja. Wapo wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaolipwa fedha ambazo mimi na wewe hatutazishika maishani. Wapo pia, na hawa ndio wengi, wanaoijua tarehe kwa kuangalia mchele uliobaki kwenye mfuko. Mkimbiaji aliyetoka Nandi kwa kawaida yuko katika kundi la pili, na sababu zake si siri.

Tuanze na neno lenyewe, ufadhili, kwa maana ndilo linalozichanganya familia tangu siku ya kuagana uwanja wa ndege. Kwa miaka mingi chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, NCAA, kiliuwekea kila mchezo kiwango cha juu cha ufadhili. Kandanda ya Kimarekani, katika vyuo vya ngazi ya juu kabisa, iliruhusiwa nafasi 85 kamili. Riadha ya wanaume, ukijumlisha mbio za uwanjani na za nyika, iliruhusiwa 12.6 tu, na ya wanawake 18. Timu ya riadha ina wakimbiaji, warukaji na warushaji, na mara nyingi hupita watu thelathini, kwa hiyo kocha aliumega ufadhili kama nyama ya arusi: huyu kamili, yule nusu, mwingine robo, na mwingine akaambulia vitabu. Wakimbiaji wa masafa marefu kutoka kwetu mara nyingi hupewa kamili, kwa sababu kocha anajua fika kwamba nyumbani hakuna wa kuilipa ile nusu nyingine, lakini si wote wanaobahatika hivyo. Kabla ya kumwuliza mwanao kama analipwa, mwombe akusomee barua yake ya ufadhili, mstari kwa mstari.

Hata huo ufadhili kamili ulikuwa na tundu. Ulilipa ada, vitabu, malazi na chakula, ukaishia hapo. Nauli ya kurudi nyumbani, simu, sabuni, koti la baridi kwa aliyepelekwa Iowa au Minnesota, hayo yote yalihesabiwa kuwa ya familia, kana kwamba kila familia inaishi mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka chuoni. Mwezi wa Aprili 2014, Shabazz Napier, nyota wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Connecticut, aliwaambia waandishi wa habari kuwa zilikuwapo siku alizolala na njaa kwa kukosa pesa za chakula, na alisema hayo siku zilezile ambazo timu yake ilikuwa ikitwaa ubingwa wa taifa. Mwezi huo haukwisha kabla NCAA haijaviruhusu vyuo vya Daraja la Kwanza, yaani ngazi yake ya juu, kuwalisha wanamichezo wao bila kikomo. Januari 2015 ligi tano kubwa zikapiga kura kuruhusu ufadhili uongezwe hadi ufikie gharama halisi za kuishi chuoni. Nyongeza hiyo, ambayo kwa vyuo vingi ilikadiriwa kati ya dola 2,000 na 5,000 kwa mwaka, ndiyo posho ambayo wanafunzi wetu huizungumzia. Angalia lakini neno nililotumia: kuruhusu. Chuo chenye fedha hutoa, chuo kisicho nazo hakitoi, na hakuna kanuni inayokishurutisha.

Posho ikishatoka, si yote inayofika mkononi. Sehemu ya ufadhili inayolipia ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi. Sehemu ya malazi, chakula na posho hutozwa, na kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 hukatwa asilimia 14, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi na Marekani, na Kenya haina. Piga hesabu mwenyewe: malazi na chakula vikigharimu dola 10,000 kwa mwaka, kodi ni dola 1,400. Kwa kuwa kitanda na sahani ya chakula si fedha taslimu, kodi hiyo hutafutwa mahali pengine, ama kwenye posho, ama inaandikwa kama deni katika akaunti ya mwanafunzi pale chuoni. Vipo vyuo vinavyombebea mwanamichezo mzigo huo, na vipo visivyombebea, na wengi hulijua jambo hili wakiwa tayari wameshadaiwa.

Nina mpwa wangu aliyekimbilia chuo kimoja kidogo cha huko katikati ya Marekani. Aliporudi likizo alinionyesha daftari alilokuwa akiandikia matumizi yake. Ukurasa wa Oktoba ulianza kwa neno «posho» kwa wino wa bluu, na chini yake «kodi 14%» yenye alama ya kuuliza, kisha bima, simu, unga wa mahindi, mafuta ya kuchua misuli, nusu ya kodi ya chumba. Mstari wa mwisho ulikuwa «kutuma nyumbani», na ulikuwa umekatwa kwa kalamu mara mbili, mara ya pili kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka kidogo. Sikumwuliza chochote. Nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakisubiri kutumiwa.

Sasa tuje kwenye mamilioni ya sokoni. Tangu Julai 1, 2021, mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kulipwa na wafanyabiashara kwa kutumia jina lake, sura yake na umaarufu wake, kwa mfano kutangaza viatu au duka la magari, na pengine hilo gari uliloonyeshwa lilitoka huko. Kisha mwezi wa Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano ya kesi kubwa ambayo, kuanzia Julai 1 mwaka huo, yaliviruhusu vyuo vyenyewe kuwagawia wanamichezo sehemu ya mapato, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo kwa mwaka wa kwanza. Fedha hizo zikitajwa sokoni husikika kama za kila mchezaji, kumbe ni za chuo kizima. Mgawanyo uliozungumzwa sana, na ambao vyuo vingi vikubwa viliuchukua kama mfano, huipa kandanda ya Kimarekani kama robo tatu, mpira wa kikapu wa wanaume asilimia 15, wa wanawake asilimia 5, na michezo mingine yote iliyobaki hugombea asilimia 5 ya mwisho. Humo ndani wamo waogeleaji, warusha mkuki, wacheza tenisi na mwanao. Makubaliano hayohayo yaliondoa ule ukomo wa 12.6 kwa vyuo vilivyojiunga nayo na badala yake yakaweka ukomo wa idadi ya wanatimu, 45 kwa riadha na 17 kwa mbio za nyika, kwa hiyo mkimbiaji wa nusu ufadhili anaweza leo kupewa kamili, kama kocha anamtaka na kama chuo kina uwezo. Hilo lingemfaa mwanao kuliko gari.

Halafu kuna viza, na hapa ndipo penye kufuli. Mwenye F-1 ameingia Marekani kusoma. Anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya nje huhitaji idhini maalumu. Kutangaza bidhaa kwa malipo ukiwa katika ardhi ya Marekani kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi isiyoidhinishwa, na anayekutwa nayo anaweza kupoteza viza, masomo na mbio kwa pamoja. Tangu 2021 mawakili wa vyuo wamekuwa wakivutana kuhusu kipi ni kazi na kipi ni mapato tu ya kumiliki jina lako, na vyuo vingi vikachagua kuwaambia wageni wao wakae mbali. Mfano unaojulikana sana ni wa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyechezea Chuo Kikuu cha Kentucky na mwaka 2022 akatajwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo nchini kote. Wenzake Wamarekani walisaini mikataba ya matangazo wakiwa bwenini kwao. Yeye alisubiri hadi Agosti mwaka huo, timu iliposafiri kwenda Bahamas, ili afanye kazi za wadhamini wake akiwa nje ya mipaka ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi alilazimika kuvuka bahari ndipo ajipatie riziki. Mkimbiaji wa mita 10,000, ambaye hata wanachuo wenzake hawamtambui akipita, hana safari ya Bahamas wala mdhamini wa kumsubiri huko.

Kwa hiyo, Mama, mwambie baba yake ampunguzie kijana lawama. Mwanao naye mwambie afanye mambo mawili wiki hii. Aende ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za michezo aulize habari za mfuko wa misaada ya wanamichezo wenye shida. Vyuo vya Daraja la Kwanza hupokea fedha za NCAA kwa ajili hiyo, na zimewahi kulipia nauli za dharura, nguo za baridi na matibabu. Wageni hawana haki ya kupata ruzuku ya serikali ya Marekani inayowasaidia wanafunzi wenyeji wasiojiweza, lakini mfuko huu hauwabagui. Pili, aulize kwa maandishi ni nani anayelisha timu bwalo linapofungwa. Wakimbiaji hawapumziki Desemba. Wanajiandaa kwa mbio za ukumbini zinazoanza Januari, na kocha aliyempa mazoezi ya likizo hawezi kusema kuwa hakujua kwamba mtu hula.

SWALI

Nimesoma katika gazeti kuwa wanamichezo wa vyuo vya Marekani wameshinda kesi za kudai malipo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa michezo, Tanga. Enzi zetu tulikimbia kwa fulana moja na heshima ya shule. Kijana aliyelipiwa ada, kitanda na chakula, katika nchi ambayo wenyeji wenyewe huhitimu wakiwa na madeni shingoni, anadai nini tena? Je, hatuuzi roho ya michezo ya ridhaa?

Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Hoja yako ya madeni ni nzito na sitaizunguka. Mwanafunzi anayemaliza chuo cha Marekani bila kudaiwa hata senti amepata kitu ambacho wenzake wengi hawana, na mwanamichezo anayesahau hilo hastahili kuonewa huruma. Hata hivyo, neno ridhaa lina historia yake huko Marekani, na ukiifuatilia unakuta kwamba walioridhia hawakuwa wachezaji.

NCAA iliruhusu ufadhili wa michezo mwaka 1956. Katika miaka hiyohiyo mkurugenzi wake, Walter Byers, aliyeiongoza kuanzia 1951 hadi 1987, pamoja na watu wake, walieneza jina la «mwanafunzi-mwanamichezo» na kuvitaka vyuo vilitumie kila mahali. Haikuwa heshima kwa elimu pekee. Mwaka 1955 Ray Dennison, aliyekichezea kandanda ya Kimarekani chuo kidogo cha Fort Lewis huko Colorado, alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata uwanjani, na mjane wake akadai fidia inayolipwa familia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ilimnyima, ikisema kuwa chuo hakikuwa katika biashara ya kandanda. Jina lile lilivisaidia vyuo kwa miongo mingi katika kesi za namna hiyo: huyu ni mwanafunzi, kwa hiyo si mfanyakazi, kwa hiyo hakuna fidia. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aliugeukia mfumo alioujenga na kuushutumu waziwazi.

Biashara ambayo mahakama ya Colorado haikuiona imekua tangu hapo. Mwaka 2010 NCAA ilitia saini mkataba wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14 wa kuonyesha katika televisheni mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ya kila Machi, na mwaka 2016 mkataba huo ukarefushwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 zaidi. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, kumpita gavana, ni kocha wa chuo. Wewe ulifundisha, Mwalimu. Sidhani kama ulilipwa kumpita mkuu wa mkoa. Ridhaa ilikuwa imebaki kwa watu wa aina moja tu pale uwanjani, wale wanaotoka jasho.

Kesi ulizozisoma zilianzia kwenye jambo dogo. Ed O'Bannon, aliyekipa chuo kikuu cha UCLA ubingwa wa mpira wa kikapu mwaka 1995, alikuwa nyumbani kwa rafiki yake miaka mingi baadaye alipoonyeshwa mchezo wa kompyuta uliokuwa ukiuzwa madukani. Ndani yake alimwona mchezaji mwenye namba 31 kama yake, upara kama wake, akirusha mpira kwa mkono wa kushoto kama yeye. Hakuwa ameombwa ruhusa wala kulipwa chochote. Alishtaki mwaka 2009. Mwaka 2014 Jaji Wilken, yuleyule niliyemtaja hapo juu, aliamua kuwa NCAA ilikuwa ikivunja sheria za ushindani wa biashara, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwamba vyuo visizuiwe kulipia gharama halisi za kuishi, ingawa ilikataa pendekezo lake la kuwawekea wachezaji hadi dola 5,000 kwa mwaka juu ya hizo. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kuwa NCAA haiwezi kuvizuia vyuo kutoa tuzo zinazohusiana na masomo. Ndiyo maana leo vipo vyuo vinavyotoa hadi dola 5,980 kwa mwaka kwa mwanamichezo anayefaulu darasani. Nadhani malipo hayo ungeyaunga mkono hata wewe, maana mwanafunzi huyapata kwa kalamu.

Swali lako, anadai nini tena, nalijibu kwa namba mbili zinazofanana. Kanuni za NCAA humruhusu kocha kuchukua saa 20 za mwanamichezo kwa wiki wakati wa msimu. Siku ya mashindano huhesabiwa saa tatu tu, hata kama basi liliondoka alfajiri na kurudi usiku wa manane, na safari yenyewe haihesabiwi kabisa. Kanuni za viza nazo humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi chuoni kwa saa 20. Weka ishirini ya kwanza, weka masomo, kisha utafute mahali pa kuipachika ishirini ya pili. Mwanafunzi wa kawaida akiishiwa pesa huenda kuosha vyombo bwaloni au kupanga vitabu maktaba. Huyu muda wake wa kuosha vyombo umeshachukuliwa na chuo kilekile kinachouza tiketi za kumtazama. Posho inayofidia muda huo siioni kama mshahara wa mchezaji wa kulipwa, na siioni kama zawadi pia.

Nawe huenda unamkumbuka Suleiman Nyambui, aliyeiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha El Paso, Texas. Miaka miwili kabla ya hapo Henry Rono, Mnandi aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000 mwezi wa Aprili, kuruka viunzi na maji mwezi wa Mei, mita 10,000 na mita 3,000 mwezi wa Juni. Zote akiwa mwanafunzi, na riadha yote wakati huo ikiwa ya ridhaa. Rono alikuja kuishi maisha ya dhiki kwa miaka mingi huko Marekani, na ameaga dunia mwaka 2024. Dhiki yake ilikuwa na sababu nyingi, pombe ikiwamo, na sitaitwika NCAA yote. Ila nikisikia ridhaa ikisifiwa, jina lake ndilo linalonijia.

Pale ninapokubaliana nawe ni kwenye hizi fedha mpya. Posho ya kuishi ilikuwa haki iliyocheleweshwa. Mamilioni ya kandanda ni jambo jingine, kwa sababu hayaongezi chungu, yanachota kwenye chungu kilekile, na vyuo vinavyotafuta pa kupunguza huanza na michezo isiyojaza uwanja. Tenisi, kuogelea na riadha ndiyo ya kwanza kutazamwa kwa jicho baya. Timu ya riadha ikifutwa katika chuo cha Marekani, mlango uliompitisha Nyambui unafungwa, na hakuna jaji atakayeufungua. Yupo pia anayetaka wanamichezo watambuliwe kabisa kuwa waajiriwa: wachezaji wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi mwezi wa Machi 2024, kisha mwishoni mwa mwaka huohuo ombi lao likaondolewa. Hilo likifika mwisho siku moja, sijui mwenye F-1 atasimama wapi, kwa kuwa viza yake haikuandikwa kwa ajili ya mwajiriwa wa uwanjani.

SWALI

Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita Babati, na nakimbia mita 1,500 na 5,000. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani amenitumia ujumbe kwamba atanipa «ufadhili na hela ya matumizi». Pia kuna mtu mjini anasema atanishughulikia makaratasi, nami nimlipe asilimia 10 ya ufadhili. Nifanye nini kwanza?

Mkimbiaji, Babati

JIBU

Binti, kwanza achana na huyo wa asilimia 10. Kanuni za NCAA hazimruhusu mtu kulipwa kwa kukutafutia nafasi chuoni, na malipo ya namna hiyo yanaweza kukunyima haki ya kukimbia kabla hujavaa jezi. Ukihitaji msaada wa makaratasi, mwombe mwalimu wako wa shule au mtu aliyewahi kupita njia hiyo, umlipie nauli na chai, basi.

Kisha mjibu kocha kwa adabu, umwombe ofa kwa maandishi, ikiwa imechanganuliwa: ada kiasi gani, malazi kiasi gani, chakula siku ngapi kwa wiki, bima ya afya ni ya nani, na hiyo hela ya matumizi ni dola ngapi, inatoka mara ngapi na inaanza mwezi upi. «Hela ya matumizi» bila tarakimu ni maneno tu. Mwulize ile kodi ya asilimia 14 hulipwa na nani, kwa kuwa Tanzania nayo haina mkataba wa kodi na Marekani. Mwulize ufadhili unakuwaje ukiumia mguu mwaka wa kwanza, na jibu lake liwe kwenye karatasi. Kama chuo chake ni cha Daraja la Tatu, ujue kuwa ngazi hiyo haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, kwa hiyo fedha anazozitaja zinatoka kwingine na yafaa ujue ni wapi. Usidharau vyuo vidogo vya miaka miwili: Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo cha aina hiyo huko Texas, ndipo akahamia Texas Tech, na mwaka 2012 akapata medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London.

Wakati unasubiri, kuwa mwangalifu na mbio za barabarani zenye zawadi. Kwa miaka mingi kanuni zilimruhusu mkimbiaji anayeelekea chuoni kupokea zawadi isiyozidi gharama zake halisi za kushiriki, kwa hiyo tunza risiti za basi, nyumba ya wageni na ada ya kujiandikisha, na usikae miaka mitatu nyumbani ukishindana kabla ya kwenda, maana muda huo unaweza kupunguza misimu utakayoruhusiwa kukimbilia chuo.

Mwishoni mwa barua yako kwa kocha, ongeza swali la yule mama wa Nandi: tarehe 26 Desemba, bwalo likiwa limefungwa, wakimbiaji wake wa kigeni wanakula wapi, na nani analipa. Akikutajia ofisi na jina la mhusika, endelea kuzungumza naye.